Bajaji ya kununua Mtwara na Lindi: RE au King, mpya au iliyotumika, taslimu au mkataba

Chukua bajaji mbili zilizotoka duka moja siku moja. Moja ipeleke Shangani, Mtwara mjini, nyingine ipeleke Msimbati. Ukizikuta baada ya mwaka hutaamini ni ndugu. Ya Shangani imekimbia juu ya lami tambarare. Ya Msimbati imekula mchanga na chumvi, na klachi yake imeshabadilishwa. Ndiyo maana swali la "ipi nzuri" halina jibu mpaka ujue mambo mawili: itatembea wapi, na ikikufia njiani spea itatoka wapi. Bei ya dukani ije baadaye.

Njia kwanza

Mtwara mjini ni pepesi kwa bajaji. Ligula, Chikongola, Magomeni na sokoni hakuna mlima wa kuogopa. Mteremko wa maana ni ule wa kuingia Mikindani. Hapo injini ndogo inatosha na mafuta yanakaa.

Lindi ni habari nyingine. Mji wa chini umelala kando ya ghuba, lakini abiria wa Mtanda anapanda mlima, na bajaji yenye watu watatu na ndoo ya samaki inapanda kwa gia ya kwanza na ya pili. Newala ni zaidi ya hapo, kwa sababu mji uko juu ya uwanda wa Makonde: unapanda kweli, na ukirudi unashuka kweli. Kushuka ndiko kunakoua breki. Usishuke na fri (gia huru). Weka gia uliyopandia mlima huo huo, injini ishike, na breki ya mguu uiguse kwa vipindi ili ngoma zipate kupoa.

Kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kukwambia. Njia ya kijijini iliyochimbwa na magari ina mifereji miwili na tuta katikati. Gari linapita mle mle kwenye mifereji. Bajaji ina gurudumu moja la mbele, nalo linapanda juu ya tuta, kwenye majani na mawe, huku ya nyuma yakiwa chini. Ukichagua kuweka la mbele kwenye mfereji, gurudumu moja la nyuma linabaki juu na bajaji inainama. Kwa njia za namna hiyo shokapu ya mbele, beringi za usukani na bushi za mkono wa mbele huisha mapema, iwe Bajaj RE au TVS King. Kama kazi yako yote iko kwenye njia hizo, ongeza spea kwenye hesabu kabla hujasaini chochote.

Kwenye mchanga kosa la kawaida ni kushika klachi nusu huku ukivuta mafuta. Sahani za klachi zinaungua kwa dakika chache. Ingia na gia ndogo tangu mwanzo na uvute mafuta kwa usawa bila kubadili gia katikati ya mchanga. Ikizama, zima, abiria washuke, toa mchanga mbele ya magurudumu ya nyuma, kisha toka taratibu.

Bajaj RE na TVS King

Jina "bajaji" lenyewe limetoka kwa Bajaj Auto ya Pune, India. King inatengenezwa na TVS Motor, ya India pia. Ukiziweka kwenye karatasi ni kama mapacha:

| | Bajaj RE | TVS King |
|---|---|---|
| Injini ya petroli | silinda moja, fostroki, sisi (cc) 198.88, za baadaye 236.2 | silinda moja, fostroki, sisi 199.26, za baadaye 225.8 |
| Gia | 4 za mbele, 1 ya kurudi nyuma | 4 za mbele, 1 ya kurudi nyuma |
| Breki | ngoma, za mafuta | ngoma, za mafuta |
| Tairi za kawaida | 4.00-8 | 4.00-8 |
| Abiria | 3 nyuma | 3 nyuma |

Kwa hiyo usipoteze siku nzima kijiweni kubishana ipi ina nguvu. Tofauti ya sisi 198.88 na 199.26 hakuna abiria atakayeihisi. Tofauti inayohisika ni kati ya injini ndogo na kubwa za kampuni hiyo hiyo. Kwa Mtwara mjini chukua ndogo. Kwa Lindi yenye Mtanda, au Newala, chukua kubwa. Itakula mafuta zaidi kidogo kwenye simama-twende ya sokoni, lakini klachi na pistoni zitakushukuru mlimani.

Ukioneshwa King Duramax, jua kwamba inapozwa kwa maji, ina rejeta. Mlimani inahimili joto vizuri. Upande wa pili, una mipira ya maji, feni na rejeta ya kuangalia kila asubuhi, na hewa ya bahari inakula mapezi ya rejeta. Dereva asiye na tabia ya kufunua na kuangalia maji asipewe hiyo. Injini inayopozwa kwa upepo haina adha hiyo, ila mapezi ya silinda yakijaa tope na mafuta joto linakosa pa kutokea. Yasafishwe kwa brashi.

Kinachoamua hasa ni spea. Fanya kazi hii ya nusu siku kabla ya kununua. Andika vitu saba: waya wa klachi, sahani za klachi, brekishuu za nyuma, plagi, sidiai (CDI, kifaa kinachoongoza moto wa plagi), seti ya pistoni na ringi, na mpira wa draivu shafti. Ingia maduka matatu ya spea ya mji utakaofanyia kazi. Uliza bei ya kila kimoja kwa RE na kwa King, na uone kwa macho, usikubali "kipo stoo". Kisha kaa kwenye kituo kimoja nusu saa uhesabu RE ngapi zimepita na King ngapi. Mwisho mwulize fundi utakayemtumia, si fundi wa muuzaji, ni injini ipi amefungua mara nyingi zaidi.

Kinachokosekana mjini kinaagizwa Kariakoo, na kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika upande wa Lindi. Siku kama zile, mwenye bajaji ambayo spea zake zimo maduka matatu ya mji wake anaendelea kufanya kazi, na mwenye bajaji ya kigeni mtaani anasubiri basi.

Msimamo wetu: kama hesabu yako ya kituoni na madukani haikuegemea wazi upande wa King, chukua RE. Mafundi wengi wamejifunzia hiyo, iliyokufa inapatikana ya kuchinjwa spea, na siku ya kuuza mnunuzi anapatikana haraka. Lakini kama fundi wako ni wa King na vitu saba umeviona, King si chaguo la pili. Jambo moja la kujaribu kabla ya kuamua: kaeni watu wazima watatu kiti cha nyuma, mkae dakika kumi. Magoti ya abiria ndiyo yanayomrudisha kesho.

Mpya au iliyotumika

Mpya ina sifa moja isiyonunulika: unajua historia yake yote. Ukiivunjia heshima kilomita elfu moja za kwanza, sifa hiyo imekwisha. Katika kilomita hizo usivute mafuta hadi mwisho, usibebe kupita kiasi, usikae muda mrefu kwenye mwendo mmoja, na usiruke sevisi ya kwanza, kwa sababu oili ya kwanza ndiyo inayobeba vumbi la chuma la injini inayojizoesha. Wengi huipa dereva wa deiwaka, yaani wa kushikia tu, siku ya pili. Huo ni ununuzi wa bajaji iliyotumika kwa bei ya mpya.

Iliyotumika inaweza kuwa biashara nzuri, au mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni ukaguzi. Fuata mpangilio huu, na uende na fundi wako asubuhi, ukiwa umemwambia mwenye nayo asiiwashe.

Shika injini. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha ili kuficha ugumu wa kuwaka. Mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Oili nyeusi ni kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia ndani, mara nyingi kwa kuvuka dimbwi refu wakati wa masika, na beringi zimeshaonja maji hayo. Oili yenye chembe zinazong'aa ina chuma: acha.

Washa ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa bluu unaokuja wakati wa kuwasha kisha ukapotea huashiria sili za valvu. Wa bluu usiokoma, unaoongezeka ukivuta mafuta, ni ringi na silinda; hiyo ni kufungua injini. Moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa, na hapo anza na eyakilina (kichujio cha hewa) iliyoziba au kabureta. Hilo ni dogo, litumie kupunguza bei, usilikimbie.

Sasa panda. Watu watatu nyuma, mlimani. Weka gia ya tatu, vuta mafuta: injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Achia mafuta ghafla kwenye kila gia: ikichomoka yenyewe, sanduku la gia limechoka. Lakini kabla ya kulilaumu sanduku, mwambie fundi aangalie waya za gia. RE inabadilishwa gia kwa kuzungusha mkono wa kushoto, na waya zake zikilegea gia haziingii vizuri ingawa sanduku lenyewe ni zima. Kuna watu wameuza bajaji kwa bei ya kutupa kwa sababu ya waya.

Zungusha duara dogo kushoto, kisha kulia. Sauti ya ka-ka-ka nyuma ni draivu shafti. Inama uangalie mipira yake: ikichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na shafti inakufa hata kama ilikuwa nzima wiki iliyopita.

Kanyaga breki na ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama polepole bila mafuta ya breki kuvuja popote, sili za masta silinda zimeisha. Ikiwa ngumu lakini bajaji inavuta upande mmoja, fungua ngoma. Mara nyingi silinda ndogo ya gurudumu imeshikwa na kutu.

Inua mbele kwa jeki. Tikisa gurudumu kushoto na kulia, kisha usukani mbele na nyuma. Mchezo wa gurudumu ni beringi yake; mchezo wa usukani ni beringi za shingo. Angalia na tairi za nyuma: zikiliwa upande wa ndani tu, bushi za mkono zimeisha au mkono umepinda baada ya kugonga.

Umeme unapimwa kwa mita, si kwa macho. Betri iliyopumzika isome volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo haichaji, juu ya hapo rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na itakuunguzia taa na betri.

Halafu kutu, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu miji yetu hii iko baharini. Toa zulia la mpira la sakafu. Toa kiti cha nyuma. Gonga bati kwa mpini wa bisibisi: sauti kavu ni uzima, sauti ya kufa ni kutu chini ya rangi. Kagua chini ya betri, mabomba ya breki, na hasa pale mikono ya nyuma inaposhikana na chesisi. Rangi nene mpya upande wa chini ya bajaji ya miaka minne haikupakwa kwa urembo; imefunika ulehemu. Bajaji iliyokuwa ikibeba samaki ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu maji ya chumvi yanashuka kila siku sehemu ile ile. Injini inafunguliwa na kufungwa upya. Chesisi iliyooza haina dawa ya kudumu, usiinunue hata kwa bei ya kushangaza.

Ukikuta tustroki ya zamani, ile inayochanganywa oili kwenye petroli, iache kwa wenye mapenzi nayo. Spea zake zinazidi kupungua.

Taslimu au mkataba

Mkataba ni kupewa bajaji na mwenye mali, ukamlipa kiasi cha kila siku kinachoitwa hesabu, na muda ukiisha bajaji inakuwa yako. Tupige mfano, nawe uweke bei uliyopewa. Chukulia bajaji ni shilingi 10,000,000 taslimu.

Mkataba wa kwanza: hesabu 20,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, miaka miwili. Ni siku 624, jumla 12,480,000. Mkataba wa pili: 25,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, mwaka mmoja na nusu. Ni siku 468, jumla 11,700,000. Wa pili ni nafuu kwa 780,000, lakini angalia siku moja inavyokuwa. Bajaji ikitembea kilomita 100 inakula karibu lita 4. Kwa petroli ya 3,000 lita, hiyo ni 12,000. Akiba ya oili na spea 5,000. Chakula 5,000. Kwa mkataba wa kwanza lazima uingize 42,000 ndipo uanze kuihesabu shilingi ya nyumbani. Kwa wa pili 47,000. Kwa nauli ya 1,000 kichwa, ni abiria watano zaidi kila siku. Je, kituo chako kina abiria watano hao mwezi Mei?

Swali hilo ni la huku kwetu kuliko pengine popote. Pesa ya Mtwara na Lindi ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, bajaji hailali. Malipo ya wakulima yakiisha, mji unatulia, na mvua nazo zinaharibu njia za pembeni. Mkataba wa kiwango kimoja mwaka mzima unakubana pale pale usipo na kitu. Omba viwango viwili: mfano 28,000 kuanzia Oktoba hadi Januari, na 18,000 miezi iliyobaki. Mwenye mali hapotezi: miezi 4 yenye wiki 17 ni 2,856,000, miezi 8 yenye wiki 35 ni 3,780,000, jumla 6,636,000 kwa mwaka, wakati 20,000 ya kila siku ni 6,240,000. Anapata zaidi, nawe unapumua.

Yafuatayo yawe kwenye karatasi kabla ya kupeana ufunguo: nani analipa injini ikifunguliwa, nani analipa bima na leseni mwaka wa pili, siku za ugonjwa, msiba na sikukuu zinahesabiwaje, bajaji ikigongwa hesabu inasimama au inaendelea, na siku ya mwisho kadi ya usajili inabadilishwa jina ndani ya siku ngapi na kwa gharama ya nani. Lipa kwa simu, kila siku, ili ujumbe wa malipo uwe risiti yako. Daftari la mkono limetenganisha ndugu.

Kama una nusu ya fedha, fikiria kununua iliyotumika taslimu baada ya ukaguzi ule wa juu, badala ya mpya kwa mkataba. Utatengeneza mara nyingi zaidi, lakini wiki ya ubovu haigeuki kuwa wiki ya deni.

Abiria au mizigo

Guta la injini, ambalo wengi huliita toyo, linavutia mtu aliye karibu na maghala. Hesabu mzigo kwa kilo, si kwa nafasi iliyobaki kwenye bodi. Kwa guta la nusu tani, mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 imeshajaza. Magunia ya korosho ya kilo 80, sita tu ni kilo 480. La saba ndilo linalovunja springi za nyuma na kupinda ekseli, na mzigo ukiwa mrefu guta linalala kwenye kona, kwa sababu mbele lina mguu mmoja.

Guta ni la msimu kuliko bajaji. Korosho, saruji, chumvi na samaki hulipa vizuri kwa safari moja, halafu kuna siku za kukaa. Bajaji ya abiria inaokota shilingi elfu elfu mwaka mzima. Mwenye mkataba wa kila siku achukue ya abiria. Mwenye duka, shamba au mtaji wake mwenyewe achukue guta. Na anayebeba salfa ya mikorosho aoshe bodi na chesisi kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Salfa ikikaa na unyevu inaweza kutengeneza asidi, nayo inatafuna bati. Kubeba watu juu ya bodi ya guta ni kosa na ni hatari. Tusilizungumze kana kwamba ni nafasi ya biashara.

Petroli, gesi, umeme

Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba, hapa hapa Mtwara, na wengi huona aibu kununua ya petroli wakati gesi ni ya nyumbani. Lakini bomba kupita jirani si kituo cha kujazia. Vituo vingi vya gesi ya magari viko Dar es Salaam. Nunua ya gesi pale tu ambapo kuna pampu inayouzia bajaji ndani ya mzunguko wako wa kila siku, na udai cheti cha mtungi chenye tarehe ya kupimwa.

Ya umeme haina plagi, kabureta wala oili ya injini, na kwa tambarare ya Mtwara mjini ina mantiki. Muulize muuzaji maswali mawili: betri ni ya lithiamu au ya asidi, na ikifa nani mjini anaifungua. Ya asidi huchoka mapema na ni nzito. Kwa Newala na mlima wa Mtanda, punguza umbali uliotajwa kwenye karatasi ya muuzaji, kisha ujaribu mwenyewe ukiwa na abiria watatu kabla ya kulipa.

Karatasi

Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, herufi kwa herufi. Biashara inataka kibao cha namba cheupe, leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na bima ambayo unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) badala ya kuamini stika. Dereva awe na leseni ya udereva yenye daraja la pikipiki za magurudumu matatu, A2. Kwa iliyotumika, angalia kwanza madeni ya faini kwa namba ya usajili, halafu mfanye uhamisho TRA muuzaji akiwepo. Kadi yenye jina la mtu wa tatu aliyehamia mji mwingine ni sababu tosha ya kuondoka.

Ukishainunua

Oili ya 20W-50, kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, kila kilomita 2,500 hadi 3,000. Kwa kilomita 100 kwa siku ni kila wiki nne au tano. Eyakilina kila wiki kama kuna mchanga: ya sponji inaoshwa kwa maji ya sabuni, inakaushwa, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa, ya karatasi inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, haioshwi kamwe. Grisi kwenye nipo za mbele, yaani vichuchu vya kupigia grisi, kila wiki, na siku ya mvua kubwa usisubiri wiki. Maji baridi chini ya bajaji kila jioni uliyobeba samaki.

Chini ya kiti kuwe na spana, plagi moja, tyubu moja, pampu na tochi. Waya wa klachi wa akiba usiuweke huko. Uulaze sambamba na ule unaotumika, umefungwa kwa vibanio vya plastiki, ncha zote mbili zikiwa tayari mahali pake. Wa kwanza ukikatika usiku kati ya Mingoyo na Lindi, utahamisha ncha mbili tu na abiria hawatashuka.